Huzuni ya Wastani

Ripoti Namba 3: Kuhusu Kuwepo kwa Maji Yasiyo na Chanzo chini ya Sanamu ya Saba, Ukuta wa Mashariki, na Hatari ya Wageni Kuteleza.

Madamu Dévote alikipigia mstari kichwa hicho kwa rula, akagonga muhuri, kisha akagonga tena kwa sababu mara ya kwanza wino ulikuwa umekauka. Alikuwa mtunzaji wa Mausolée, lile kaburi la shujaa lililo kilimani juu ya mji wa Bujumbura, ambako wanafunzi hupelekwa kwa mistari kutazama marumaru, na maharusi hupanda wenyewe kupiga picha, ziwa likiwa mgongoni mwao. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuwaambia watu wasikalie ngazi, na kuandika. Ripoti ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa swali: maji hayo ni ya bomba au ya mvua? Ya bomba yana idara yake, na ya mvua yana yake.

Hayakuwa ya bomba, maana bomba halikufika kilimani. Wala ya mvua. Ilikuwa Julai, mwezi ambao vumbi la Bujumbura hukaa juu ya majani kama limepewa barua ya ajira. Lakini kila siku, baada ya saa saba mchana, Dévote alikuta kidimbwi cha ukubwa wa sinia chini ya miguu ya sanamu ya saba. Maji yalikuwa ya kahawia. Yalinuka tope la mashamba ya mpunga, lile la Buterere baada ya mafuriko, ambalo mtu akishalinusa ndani ya nyumba yake mara moja hawezi kulifananisha na jingine. Hilo hakuliandika. Fomu haikuwa na nafasi ya harufu.

Ukuta wenyewe ulikuwa mpya. Kamati moja, yenye jina refu kuliko kazi yake, iliona kwamba kaburi la kihistoria halitoshi peke yake. Linahitaji sanaa ya kulizunguka. Zikaja ngoma za vigae vilivyovunjwa, zikaja pembe za ng'ombe za chuma zenye kimo cha mlango, na mwisho ukaja ukuta wa waombolezaji kumi na wawili wa sima. Karatasi ya kazi iliagiza kwamba wawe "wananchi wa kawaida, wenye huzuni ya wastani".

Kazi alipewa Huseni, fundi wa dari za jasi mwenye karakana Cibitoke. Alikuwa mzaliwa wa Buyenzi, Mwislamu mtoto wa Waislamu, mtu wa swala tano, na alikumbuka alichofundishwa utotoni: mwenye kuchonga sura ataambiwa siku ya kiyama, haya, ipulizie roho. Kwa hiyo alifanya ujanja. Waombolezaji wote aliwainamisha, akawafunika vichwa kwa vitambaa vya sima, kama akina mama wanavyojitanda msibani, mikunjo ikashuka mpaka kifuani. Hakuna uso ulioonekana. Ilikuwa kazi nzuri kweli; hata wapita njia walikuwa wakishusha sauti. Kamati ikapanda na wajumbe wanane, ikatazama, ikakohoa, ikaandika kwamba angalau uso mmoja uonekane, "ili mgeni aelewe kwamba hawa ni watu".

Huseni angeweza kukataa. Hakukataa, na sababu haikuwa Kamati. Sababu ilikuwa juu ya rafu ya karakana, imefunikwa karatasi ya mfuko wa sima: kalibu ya uso wa binti yake, Saliha.

Aliitoa kalibu hiyo siku moja ya Idi, Saliha akiwa na miaka tisa. Mtoto alimwona baba yake akimimina ua la dari, akasema na yeye anataka kuwa dari. Huseni akampaka mafuta usoni, akamwekea mirija miwili puani, akamfunika kwa jasi, na Saliha, ambaye hakuwahi kunyamaza hata msikitini, akanyamaza robo saa nzima. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Aprili, maji yaliingia Buterere walikokuwa wakiishi. Yalichukua cherehani, simu yenye picha zote, nusu ya nyumba, na Saliha.

Mwili haukupatikana. Fatouma, mama yake, aliwaambia watu wote maneno yale yale: yeye alikuwa chumba kingine, hakuona kitu. Na kwa kuwa hakuona, hakutaka mtoto asaliwe. "Nani amesema amekufa?" aliwauliza wazee wa msikiti waliokuja kumpa pole, na wazee wakatazamana, wakavaa viatu, wakaenda. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na khitima, hakukuwa na kaburi. Kwa miezi kumi na tano, katika vyumba viwili walivyopanga Nyakabiga, mume na mke waliishi kama watu waliovuta pumzi na kusahau kuitoa.

Huseni alitaka tu kumpa mke wake mahali pa kwenda. Alimimina sima ndani ya kalibu, uso mwembamba, mtupu kwa ndani ili usiilemee shingo, akauziba kwa nyuma, akaupachika kwa mwombolezaji wa saba. Kisha akamleta Fatouma.

Fatouma hakulia. Alisimama mbele ya ule uso muda mrefu, halafu akasema, "Assalamu alaykum," kwa sauti ya mtu anayeingia nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo alipanda kilima kila siku, saa saba mchana, saa ambayo watu wa Buyenzi huwaita watoto ndani na kuwaachia njia wasioonekana. Jua liko utosini, kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake, na hata mbwa hawana la kusema. Kilimani wakati huo hakuna mgeni. Askari wa lango anasinzia. Dévote, kwa mujibu wa ratiba, anakula.

Nyumbani, Huseni alianza kuona jambo dogo. Mke wake anakunywa maji. Alikunywa kikombe, akakijaza, akanywa tena, akasimama kando ya bido, lile dumu la maji, na kikombe mkononi kama mtu anayezima moto. Bido la lita ishirini halikufika jioni. Na bado midomo yake ilipasuka, ngozi ya mikono ikawa kama ganda la kitunguu, na alipokata vitunguu vyenyewe macho yake yalibaki makavu kama ya samaki wa kukaushwa. Asubuhi moja Huseni aliinusa shuka. Ilinuka tope.

"Mama Saliha, we unaumwa. Twende ata dispanseri."

"Apana. Mi sina kitu. Ni kiu tu."

"Kiu gani ya bido nzima?"

"Haiko kiu yangu," alisema Fatouma, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Wiki hiyo Madamu Dévote alishuka mwenyewe hadi Cibitoke. Alimkabidhi Huseni bahasha, akamtaka atie sahihi kwenye daftari, akangoja mpaka barua ikafunguliwa kama utaratibu unavyotaka. Ilikuwa inamwita fundi kueleza chanzo cha maji.

"Basi, hiyo ni ya ofisi," alisema. "Sasa mi nakuambia ya kwangu. Fundi, sanamu yako inakojoa."

"Madamu!"

"Cheka, cheka. Na mi nilicheka wiki mbili za kwanza." Alivuta kigoda, akakaa. "Muke wako anakuja pale kila siku, anaongea nayo. Hiyo haikunishtua. Watu wanaongeaka na sanamu. Ata chef wangu, mukubwa wa ofisi, anaongeaka na picha ya chef wake. Lakini fundi..." Aligeuka kuangalia mlango, na sauti yake ikashuka. "Ile inajibu."

Huseni alisema hawezi kuamini.

"Usiamini. Kuja kesho tu."

Kesho yake alijificha nyuma ya zile pembe za chuma. Saa saba kasoro kidogo Fatouma alitokea kwenye ngazi, chupa ya maji mkononi, akipanda polepole, na Huseni akaona kwa mara ya kwanza jinsi mke wake alivyopungua, jinsi nguo ilivyomning'inia kama imetundikwa ukutani. Akafika mbele ya sanamu ya saba. Akasalimia.

Upepo ulikoma. Honi za mji kule chini zilikoma pia, si kwa kupungua, bali kama mtu aliyefunga dirisha. Harufu ikaja, ile ile, ya mizizi iliyooza na godoro lililolowa, na katika ukimya huo sauti ya mtoto ikasema, karibu sana, kama inatoka ndani ya ndoo:

"Mama, nina kiu."

Fatouma akainua chupa akanywa, yeye, si sanamu. Huseni aliona koo la mkewe likipanda na kushuka, na kila funda liliposhuka kooni mwake maji ya kahawia yalitiririka kutoka chini ya kidevu cha sima, yakafuata mikunjo ya kitambaa ambayo Huseni mwenyewe aliilainisha kwa kidole gumba, yakapita kifuani, yakapita magotini, yakaenea sakafuni bila mlio, na mwanamke akaendelea kumeza na kumeza mpaka chupa ikabonyea kwa kukosa hewa, midomo yake ikipasuka na kutoa tone moja la damu ambalo nalo lilikauka kabla ya kushuka, na Huseni alitaka kukimbia, alitaka kupiga kelele, alitaka kusoma aya yoyote, lakini kati ya zote alizohifadhi tangu utoto hakuna hata moja iliyokubali kuja ulimini.

"Tena, mama," ilisema sauti. Kisha, bila kubadilika: "Baba naye yuko pale nyuma ya pembe. Kwa nini anajificha?"

Mwalimu Mohamadi wa Buyenzi alikuwa akiwasomea watu wenye majini kwa miaka arobaini, na kati ya mgonjwa mmoja na mwingine alitengeneza redio. Alisema ni kazi moja: kutafuta sauti inatoka wapi. Alimsikiliza Huseni mpaka mwisho, bisibisi mkononi.

"Ule uso, iko tupu ndani?"

"Iko tupu. Ningeujaza, shingo ingevunjika."

"Ukauziba."

"Nikauziba."

"Ulisema nini wakati wa kuziba?"

Kila anayekulia Buyenzi hufunga vitu kwa Bismillahi. Mtungi, bido, mlango wa jioni, hata kifuniko cha sufuria. Kitu kitupu kilichofungwa bila jina la Mungu hakikai muda mrefu bila mpangaji. Huseni alikuwa amefunga dari mia mbili katika mji huu, na hakuna hata moja aliyoifunga kimya.

"Sikusema kitu," alijibu. "Mwalimu, sura ni haramu. Ningetaja vipi jina la Mungu juu ya haramu? Niliona haya."

Mwalimu akavua miwani. "Kwa hiyo ulimuheshimu Mungu, ukamwacha nje." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mutu mwenye dini kidogo angesema Bismillahi bila kufikiri, na leo tungekuwa tunakunywa chai."

"Nifanye nini?"

"Toboa. Saa saba, wakati iko ndani. Saa zingine ni sima tu. Sema lile jina ulilobania. Itatoka, haina pa kushika. Lakini itatafuta kitu kingine kitupu, na mama ataiita tena. Mutoto asaliwe siku hiyo hiyo. Sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo."

"Fatouma hataki."

"Na mi siwezi kumusalia mutu bila shahidi. Mutu mmoja aseme, niliona. Bila hiyo nitakuwa namusalia mutoto aliyepotea sokoni."

"Hakuna aliyeona, Mwalimu. Yeye alikuwa chumba kingine."

Mwalimu alirudisha miwani, akageukia redio yake. "Basi muke wako atakauka," alisema kwa upole. "Sizani atafika Ijumaa mbili."

Ilibaki ruhusa. Kutoboa kitu kilichosimama kwenye eneo la kaburi la taifa kunahitaji ombi lenye nakala saba, ukaguzi wa wajumbe wasiopungua watano, na picha ya kitu kabla ya tundu na baada ya tundu. Dévote alikadiria jibu lingefika Oktoba.

"Oktoba nitakuwa nimemuzika," alisema Huseni.

"Tuliza roho." Alifungua kabati, akatoa mkataba wa ukuta, akalamba kidole, akafunua hadi ukurasa wa tisa. "Soma. Fundi atarekebisha unyevunyevu wowote ndani ya mwaka mmoja, mara moja, bila kungoja barua. Na unyevunyevu iko wapi? Iko mu ripoti zangu tatu, zote na muhuri." Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya utumishi, maandishi yake yalikuwa na faida kwa mtu, na alijitahidi asionyeshe furaha mbele ya mwenye shida.

Siku ya Alhamisi saa saba walikuwa watatu mbele ya ukuta: Huseni na patasi na nyundo, Mwalimu na tasbihi, Dévote na daftari aliloshika kifuani bila kuliandika. Fatouma alipanda akijishika ukutani. Alipoona patasi aliharakisha, kadiri mtu kama yeye alivyoweza, akasimama kati ya mume wake na ule uso.

"Baba Saliha, usimuguse."

"Toka hapo, mama. Nakuomba."

Mji ulinyamaza. Harufu ikaja. "Baba," ilisema sauti, "utaniumiza," na mkono wa Huseni wenye nyundo ukashuka wenyewe, kwa kuwa aliijua ile sauti. Ndiyo iliyomwomba siku ya Idi asimwage jasi kwenye nyusi.

"Fatouma," alisema Mwalimu, "huyu haiko mutoto wako."

"Najua."

Alisema hivyo bila kugeuka. Wote watatu wakamtazama.

"Nilijua siku ya kwanza. Mnazani mama hajui? Saliha wangu angeniuliza. Neno la kwanza, angeniuliza. Huyu haniulizi kitu. Anataka maji tu." Alipitisha kiganja kwenye shavu la sima. "Maji naweza kumupa."

"Angekuuliza nini?" alisema Huseni.

Fatouma hakumjibu. Akajibu mwingine. Labda kile kitu kiliogopa patasi, labda kilisikia kwamba kinapungukiwa na jambo moja ili kumshika mwanamke huyu daima, na kwa kuwa kilikuwa kimekunywa kutoka kwake wiki tatu kilijua vyote vilivyokuwa ndani yake, vya juu na vya chini kabisa, na kikachagua cha chini kabisa, kikakisema kwa upole, kwa ile sauti ya ndani ya ndoo, neno moja moja, kama mtoto anayesoma ubaoni:

"Mama. Kwa nini uliniacha?"

Huseni alimwona mke wake akifunga macho. Alidhani ataanguka. Hakuanguka. Alipiga hatua moja kando, akaacha njia.

"Piga, Baba Saliha," alisema. "Nilimupa maji kwa sababu haniulizi. Sasa na yeye ameniuliza."

Huseni alisema Bismillahi, kwa sauti iliyokwaruza, akaweka patasi katikati ya macho ya mtoto wake, akapiga. Pigo la kwanza liliteleza. Kwa la pili uso uligawanyika toka paji hadi kidevu, na ndani yake yakatoka maji ambayo uso wa ukubwa ule usingeweza kuyabeba, maji ya mtaa mzima, ya kahawia, yenye nyasi na vipande vya mkeka, yaliyowagonga magotini na kumwangusha Dévote juu ya daftari lake, na pamoja na maji ukatoka mlio mwembamba mrefu uliopita juu ya vichwa vyao kuelekea kaskazini, juu ya Nyakabiga, juu ya Cibitoke, mpaka sikio likashindwa kuufuata. Kisha honi zikarudi. Sakafu ilikuwa imekauka. Vipande vya sima vilikuwa miguuni mwao, kimoja kikiwa na nusu ya mdomo, na Huseni akavikusanya vyote ndani ya kofia yake.

Waliposhuka, Fatouma aliomba maji. Alikunywa nusu chupa, akairudisha.

Alasiri, katika msikiti wa Buyenzi, safu tatu zilisimama bila jeneza mbele yao. Mwalimu Mohamadi hakunyanyua mikono kuanza sala. Aligeukia watu, akauliza kama inavyopasa: nani anashuhudia kwamba Saliha binti Huseni amekufa?

Huseni alitazama mkeka.

"Mi," ilisema sauti nyuma ya pazia la wanawake. "Sikukuwa chumba kingine."

Akaeleza, na hakuna aliyemkatiza. Maji yaliingia nyumba ya Buterere saa kumi na moja alfajiri, Huseni akiwa ameshatoka kwenda kazini. Fatouma na Saliha walitoka pamoja mlangoni, wameshikana mikono. Nje maji yalifika shingoni kwa mama. Kwa mkono wa kulia Fatouma alikamata chuma cha dirisha, na kwa wa kushoto alimshika mtoto. Walikaa hivyo muda ambao hawezi kuukadiria. Nguvu zilimwisha, akaachia mkono wa kushoto, akamwona Saliha akizama. Mwalimu akageukia kibla, akanyanyua mikono.